Kuwaza Chakula Kutwa Kucha: Mwongozo Kamili wa Kuielewa Njaa Yako

Kwa karibu miaka mitatu nilifanya kazi katika ofisi ya mizigo karibu na bandari ya Mombasa, na kila siku ikifika saa tano asubuhi macho yangu yalikuwa kwenye karatasi lakini akili ilikuwa chakulani. Nimekunywa chai ya rangi saa kumi na mbili, basi. Nawaza: nikitoka nipitie viazi karai au nijikaze mpaka nyumbani? Nikila viazi, usiku niache chapati? Jana kaimati zilikuwa tano au sita? Mwenzangu akifungua mkebe wake wa mahamri na mbaazi, nilikuwa najua ameshika hamri la ngapi. Jioni najikaza hadi watu walale, kisha naingia jikoni bila kuwasha taa, nakula kwa kusimama: wali uliopoa, boflo, sukari kwa kijiko, chochote. Asubuhi naapa kwamba leo sili mpaka jioni, na kufikia saa tano nimerudi palepale.

Niliuita uroho. Mlafi kwetu ni mtu wa kuchekwa, kwa hiyo sikumwambia yeyote. Niliyemwambia mwishowe alikuwa muuguzi wa makamo, rafiki wa mama. Hakunipa orodha ya vyakula vya kuacha. Aliniuliza, "Mwanangu, jana ulikula saa ngapi na saa ngapi?" Nilipomaliza kumtajia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe una njaa."

Nilimbishia. Nitakuwaje na njaa na usiku namaliza sufuria? Ilinichukua miezi kuona kwamba alisema kweli. Nilikuwa na njaa ya mwili, niliyojitengenezea mwenyewe kwa kuruka milo, kisha nikaipa jina baya. Nimeandika haya kwa mtu aliye pale nilipokuwa. Huenda chanzo chako si changu, na hilo nitalifikia, lakini anza kwa kuiuliza njaa kabla hujailaumu tabia yako.

Nani asianze peke yake

Hili naliweka mwanzo kwa sababu wengi husoma nusu wakaondoka. Ikiwa unajitapisha baada ya kula, au unameza dawa za kuharisha ili upungue, nenda kwa daktari wiki hii. Kutapika na kuharisha mara kwa mara hushusha potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika hata kwa kijana anayeonekana mzima. Vivyo hivyo ukizimia, ukipungua haraka, hedhi ikikatika bila mimba, au ukiwa umekaa siku nyingi karibu bila kula. Huyu wa mwisho asishindiliwe chakula kingi kwa mara moja hata na mama mwenye huruma. Mwili uliokaa na njaa ukipewa chakula kingi ghafla, chumvichumvi za damu huweza kuporomoka, na ni hatari ya kifo. Arudishwe kwenye chakula chini ya uangalizi wa hospitali.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asibadilishe saa za milo bila kuongea na anayemtibu. Mjamzito na mtoto anayekua wanahitaji mtu wa afya karibu nao tangu siku ya kwanza.

Ukifika hospitalini, iwe zahanati ya mtaani au Coast General, usiseme "nina matatizo ya tumbo" kisha ukarudi na dawa ya asidi. Sema wazi: "Nawaza chakula muda wote, na nafanya hivi na hivi." Omba wapime presha, mapigo ya moyo, sukari na chumvi za damu, kisha ulizia mshauri wa afya ya akili. Na kama mawazo haya yamefika mahali pa kutotaka kuishi, piga 1199, simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, sasa hivi kabla ya kuendelea kusoma.

Usingoje uwe mwembamba kupindukia ndipo ujione unastahili msaada. Kuna anoreksia, ambayo mtu hujinyima. Kuna bulimia, ambayo mtu hula kwa fujo kisha akakitoa chakula. Na kuna ugonjwa wa kula kwa mkupuo, yaani kula kingi mno kwa mara moja bila kuweza kujizuia, unaotambuliwa rasmi katika kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani tangu 2013. Magonjwa haya huwapata wanene na wembamba, wanawake na wanaume. Mwanamume huchelewa zaidi kusema, kwa sababu akila sana husifiwa na akijinyima huambiwa anafanya mazoezi.

Maneno manne tunayoyachanganya

Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha kwa jambo hili, ila tunayamwaga yote katika neno moja. Njaa ni ya mwili: huja polepole, tumbo hulia, mikono hulegea, hasira hukaribia, na chakula chochote kitafaa, hata muhogo wa jana. Hamu ni kutaka kitu fulani, labda achari ya embe au wali wa nazi wa Jumapili. Hamu ni sehemu ya uhai, na mgonjwa akianza kupata hamu ya kula, watu wa nyumbani hushukuru. Uchu ni hamu iliyobanwa mpaka ikawa kali. Nilichokiona kwangu ni kwamba uchu haukuzuka wenyewe, ulifugwa na kukatazwa.

La nne ni kukinai, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kushiba ni tumbo kujaa. Kukinai ni kuridhika hata chakula hakikuiti tena. Unaweza kushiba usikinai. Bakuli la mchicha uliochemshwa bila nazi, bila samaki, bila wali litajaza tumbo, na nusu saa baadaye umeshaanza kuwaza mkate. Watu wengi wanaowaza chakula kutwa kucha hushiba mara moja moja, lakini hawakinai kamwe.

Mwili ukinyimwa, akili hufuata chakula

Novemba 1944, vita vikielekea ukingoni, vijana 36 wa Kimarekani waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao walijitolea kushiriki utafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mtafiti Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya walioshinda na njaa. Baada ya wiki 12 za kula kawaida, vijana wale walipunguziwa chakula hadi takriban nusu kwa wiki 24. Walikuwa wamechaguliwa kwa uzima wa mwili na akili.

Walipungua karibu robo ya uzito wao, lakini kilichonigusa ni vichwa vyao. Mazungumzo yao yakawa ya chakula. Wakaanza kusoma vitabu vya mapishi na kukusanya orodha za vyakula. Waliota ndoto za kula. Mlo mdogo waliuvuta kwa muda mrefu, wakachanganya vyakula kwa namna za ajabu, wakaramba sahani. Wakawa wazito wa moyo, wakaepuka wenzao, hata hamu ya wanawake ikawaisha. Na walipoanza kulishwa tena, baadhi walikula chakula kingi mno wakasema bado wana njaa, na hali hiyo iliendelea kwa miezi.

Nilipoyasoma hayo nililia. Wale hawakuwa walafi. Wangekula kama kawaida, wasingejua kamwe kwamba wanaweza kuramba sahani.

Tangu hapo sayansi imeongeza maelezo. Mwaka wa 1994 iligunduliwa leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo. Ukijinyima, inashuka haraka. Mwaka wa 1999 watafiti wa Japani waligundua grelini, ambayo tumbo huitoa kwa wingi kabla ya mlo na kuipunguza baada yake. Ukikaa na njaa, ya kwanza inanyamaza na ya pili inapaza sauti. Hapo hata harufu ya mishkaki kutoka ng'ambo ya barabara inakuwa amri.

Hatua ya kwanza: daftari la siku saba

Tafuta daftari dogo la mfukoni. Usitumie programu ya simu inayohesabu kalori, maana hesabu ndiyo ugonjwa wenyewe kwa wengi wetu. Kwa siku saba usibadilishe chochote. Andika tu saa, ulichokula kwa maneno ya kawaida, uliamka saa ngapi, ulilala saa ngapi, na kila wazo la chakula likikuzidi weka alama ya msalaba au nukta pembeni na saa yake. Usiandike gramu. Usipande mizani.

Ukurasa wangu wa Jumatatu ulikuwa hivi: "12:00 chai ya rangi. 3:00 nukta. 4:30 nukta, nukta. 5:00 nukta nyingi, nimegombana na mtu. 7:00 tufaha. 10:00 nukta. 2:30 usiku wali kidogo, mboga. 5:00 usiku jikoni." Nilisoma ukurasa ule kama wa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba nukta zilijazana pale ambapo chakula hakikuwepo. Sikula chochote cha maana kwa saa kumi na nne, kisha nikajishangaa saa tano usiku.

Siku ya nane kaa na daftari lako na uulize maswali machache. Nukta zinakuja saa ngapi baada ya kula? Zinaongezeka siku uliyolala vibaya? Zinakuja ukiwa na nani, au ukiwa peke yako? Kuna siku hazikuja, na siku hiyo ulikula nini?

Ikiwa nukta zako hazifuati njaa hata kidogo, yaani unakula vizuri, unalala vizuri, na bado zinakuja kila ukimaliza simu na mtu fulani au kila mwisho wa mwezi kodi ikikaribia, chakula kimekuwa pa kukimbilia. Hatua ya pili bado itakusaidia, lakini kazi yako kubwa iko kwa mshauri na kwenye jambo lenyewe linalokukimbiza.

Hatua ya pili: kula kwa saa, si kwa ruhusa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kama utafuata moja tu katika mwongozo huu, fuata hii. Tiba za kuzungumza zinazotumika kwa bulimia na kwa kula kwa mkupuo huanza hapa pia: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila kupitisha muda wa saa nne ukiwa macho hujala kitu. Hungojei njaa iite, kwa sababu mwito wako umeharibika. Ni kama redio iliyokuwa juu sana, hujui tena sauti ya kawaida ni ipi. Saa ikifika, unakula. Usiku uliopita ukiharibika, asubuhi unakula vilevile. Hasa asubuhi hiyo.

Siku yangu sasa inakaa hivi. Saa moja asubuhi chai ya maziwa, mahamri mawili na mbaazi za nazi, au boflo na mayai. Saa nne, ndizi mbivu na njugu konzi moja. Saa saba wali au ugali, pojo au maharagwe au samaki, mboga iliyoungwa. Saa kumi, maziwa mala au viazi karai viwili vya pale kona, nimekaa chini, kwenye kisahani. Saa mbili usiku chakula cha nyumbani pamoja na wenzangu. Hakuna siri ndani yake.

Kila mlo uwe na kitu cha kuushikilia. Wanga peke yake, kama chai na mkate mtupu, huisha haraka tumboni. Utie mbaazi, kunde, yai, samaki, dagaa, kuku au maziwa, na mboga au tunda, na mafuta au nazi ya kukufanya ukinai. Mbaazi za nazi za asubuhi, ambazo vijana wengine wanaziona chakula cha kizamani, zina protini, zina nyuzinyuzi, zina mafuta, na bei yake haimshindi mtu wa kipato cha kawaida. Mimi ningezitetea mbele ya mlo wowote wa kutoka kwenye pakiti.

Wiki mbili za mwanzo ni ngumu, nisikufiche. Tumbo litajaa gesi, utajisikia mzito, na sauti ndani itasema sasa unakula zaidi ya zamani. Ukijumlisha na zile za jikoni gizani, mara nyingi si kweli. Wiki ya tatu kwangu nukta za saa tano asubuhi zilipungua. Za usiku zilichukua muda mrefu zaidi.

Neno kwa ambaye chakula chenyewe hakipo. Ukiwaza unga kwa sababu kibarua hakikupatikana, bahari imechafuka na samaki hawajaja, huo si ugonjwa wa mawazo na hakuna zoezi la kuuondoa. Dawa yake ni chakula. Kidogo kilichopo kigawe kwenye siku badala ya kukingoja chote jioni, na usione haya kumwambia jirani, msikiti au kanisa.

Hatua ya tatu: vyakula ulivyojiharamishia

Haramu ni neno la dini na lina mipaka yake. Halua haimo. Chapati haimo. Lakini wengi wetu tuna orodha yetu ya siri, na kila kilichomo ndicho tunachokiota.

Andika orodha hiyo. Panga kuanzia unachokiogopa kidogo hadi unachokiogopa sana. Chagua cha chini kabisa, ukile mara moja wiki hii, kwa masharti manne: uwe umekula mlo wako kwa wakati, uwe umekaa, uwe na mtu unayemwamini, na kiwe kitamu kweli. Ukitaka kaimati, tafuta za moto zenye shira ya iliki, si zile ngumu za juzi. Kula taratibu. Kisha mlo unaofuata kula kama kawaida, bila kufidia. Kufidia ndiko kunakorudisha ugonjwa, maana unauambia mwili kwamba kila tamu ina adhabu.

Mimi nilianza na viazi karai, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa vikinitesa barabarani. Jioni moja mimi na dada yangu tulikwenda ufukweni pale Mama Ngina, tukanunua vya kwetu na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, tukakaa ukutani tukitazama meli zikiingia. Nilikula, nikabakisha. Sikujikaza kubakisha, nilikinai tu. Kwa miaka mitatu sikuwa nimebakisha kiazi. Biriani ilinichukua karibu mwaka.

Usifanye hatua hii kabla ya ile ya pili kukaa vizuri. Mtu mwenye njaa ya siku nzima akiwekewa alichojinyima, ataingia kwa mkupuo, kisha aamini kwamba chakula kile ndicho kibaya.

Hatua ya nne: wazo likija na umeshakula

Mwaka wa 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, alichapisha jaribio ambalo watu waliambiwa wasimwaze dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele ziliendelea kulia. Waliporuhusiwa kumwaza, wakamwaza zaidi ya wale ambao hawakukatazwa kwanza. Wazo la chakula haliondoki kwa kufukuzwa.

Likija, litaje: "Hili ni wazo la halua." Tazama saa. Ikiwa saa tatu au nne zimepita tangu ulipokula, kula kitafunio chako, kesi imekwisha. Ikiwa umekula karibuni, lipe dakika ishirini bila kubishana nalo, mikono ikiwa na kazi: kuchambua mchele, kusuka, kuosha vyombo, kutembea hadi kwa jirani. Uchu hupanda, hufika kilele, hushuka, kama maji yanavyojaa na kupwa, tofauti ni kwamba huu hauchukui saa sita. Dakika ishirini zikipita na bado unakitaka, basi ukile, ukiwa umekaa, taa imewashwa. Taa ina maana kubwa kwangu. Nilichokula gizani sikuwahi kukikinai.

Hatua ya tano: kagua usingizi na dawa

Kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku huongeza njaa kesho yake, na hamu hukimbilia sukari na mafuta. Joto la Februari na Machi likikukosesha usingizi, utaliona hilo daftarini. Anayetafuna miraa au muguka hupoteza hamu ya kula mchana kutwa, kisha usiku njaa yote humrudia kwa pamoja, na yeye huiona kuwa tabia ya usiku. Siku chache kabla ya hedhi hamu hupanda kwa wanawake wengi, jambo la kawaida.

Zipo dawa zinazoongeza hamu ya kula: prednisoloni, baadhi ya dawa za akili kama olanzapini, na baadhi ya zile za kuondoa huzuni. Usiache dawa, mwambie aliyekuandikia. Na njaa isiyoisha ikija pamoja na kiu kali, kukojoa mara nyingi na kukonda, pima sukari. Ikija na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kutoka jasho, muulize daktari kuhusu tezi ya shingo.

Nitataja na sindano, maana vijana wananiuliza. Dawa kama semaglutide huiga homoni ya utumbo, na wengi wanaozitumia husema kelele za chakula zimetulia. Ni dawa za kweli kwa wenye kisukari na unene unaodhuru, chini ya daktari. Kununua kwa mtu wa mtandaoni ni kujidunga usichokijua. Na kwa ambaye kelele zake ni za njaa, kuinyamazisha njaa ni kuzima king'ora moto ukiendelea.

Mbele ya watu

Kwetu chakula ni heshima. Mgeni akikataa, mwenyeji huumia. Wakati huohuo mwili wa mtu ni mazungumzo ya ukumbi mzima: "Eh, umejaa!" "Mbona umekauka hivi, una nini?" Yote mawili husemwa kwa mapenzi, na yote mawili yamewahi kunirudisha nyuma wiki nzima.

Nimejifunza majibu machache na huyasema kwa upole. Nikiambiwa, "Ongeza mwanangu, hujala," nasema, "Nimekula mama, nimekinai. Mungu akubarikie mikono yako." Sifa kwa mpishi hufunga mjadala kuliko maelezo. Shangazi akianza ya mwili: "Shangazi, mwili wangu tuuache leo. Hebu niambie, bibi harusi anatoka lini?" Hajawahi kukasirika. Kwenye sinia kula upande wako kwa mwendo wako; jirani akikusogezea nyama, pokea, si lazima uimalize.

Nawaomba nanyi wazazi na mashangazi: msimsalimie msichana kwa kiuno chake. Na bibi harusi msimfungie chakula miezi miwili ili gauni liingie. Gauni lina fundi.

Ramadhani

Funga hapa kwetu, karibu na ikweta, huchukua kama saa kumi na tatu na nusu mwaka wowote ule. Kwa mtu mzima wa afya, ni ibada na mwili huizoea. Kwa mwenye ugonjwa wa kula inaweza kuwa kichaka. Mimi nilijificha humo: hakuna aliyeniuliza kwa nini sili, na magharibi nilikula tende moja na uji nikasifiwa.

Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Ugonjwa wa kula ni ugonjwa. Zungumza na daktari kabla ya Shaabani kwisha, kisha na sheikh unayemwamini, na umweleze ukweli wote. Mwaka mmoja sikufunga. Niliona aibu, nikawalisha wengine, na ninaamini ilikuwa sawa.

Ukifunga, usiache daku hata siku moja, na liwe chakula chenyewe, si maji na tende tu. Futari igawe: tende, uji na vitu viwili vitatu, uswali, kisha urudi kwenye chakula, halafu kitafunio baada ya tarawehe. Mchana, mwezi huo, kaa mbali na video za mapishi.

Kuna hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayojulikana sana, ya kugawa tumbo theluthi tatu: chakula, kinywaji na pumzi. Nilikuwa nikiitumia kujipiga. Siku moja niliisikia upya msikitini: theluthi ya chakula imo. Mimi nilikuwa sijaijaza hata hiyo.

Utajuaje kwamba mambo yanabadilika

Usipime kwa mizani wala kwa idadi ya siku bila kosa. Rudia daftari la siku saba baada ya wiki sita, ulilinganishe na la kwanza. Tazama kama nukta zimehama au zimepungua, kama unaweza kusoma ukurasa mzima wa gazeti, kama umewahi kusahau kitafunio ukakikumbuka saa imepita. Usiku wa jikoni ukirudi, andika kilichotangulia mchana huo, asubuhi ule kifungua kinywa, uendelee. Wiki sita zikipita na nukta ziko vilevile, peleka madaftari yote mawili kwa mshauri; yatamweleza mengi kuliko utakavyoweza kukumbuka.

Katika daftari langu la pili kuna Jumatano yenye milo mitano na hakuna nukta hata moja. Pembeni, badala ya nukta, nimeandika kwamba meli ya magari imeingia, kazi ilikuwa nyingi, na mwenzangu kanigawia hamri.